Viatu vya Mzamiaji wa Kwapa

Soma polepole, mjukuu wangu. Weka kidole chini ya neno. Mimi nakungoja, sina haraka.

Kwanza nikutegee. Ana mdomo, hana meno. Asubuhi anameza mguu mzima, jioni anautapika. Ni nani?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Tororo. Haya, Tororo nimekwenda, nimekula karanga, nimerudi. Jibu ni kiatu.

Mwaka 1976 nyumbani kwetu kulikuwa na viatu vilivyomeza mguu pamoja na maji. Nusura vimeze na kazi ya mume wangu.

Wakati huo tuliishi Kwapa, kijiji cha karibu na Tororo, mpakani na Kenya. Sisi hatukuwa watu wa hapo. Mume wangu Oguttu alitoka Dabani, na mimi, Teopista, nilitoka Masafu. Kazi ndiyo ilituleta. Majirani zetu Waiteso walitupokea vizuri. Walitupa shamba la wimbi. Walitusaidia kujenga ghala. Mtoto wetu alipozaliwa, walikuja na maziwa na vicheko. Tukamwita Loy, na tangu siku ile mimi nikawa Mama Loy.

Asubuhi ya Kwapa bado naiona. Mwamba wa Tororo unasimama mbali, umevaa wingu kichwani. Mama mkwe wangu, Benedeta, anafagia uwanja huku anaimba kwa pua. Loy anazoa majivu jikoni. Oguttu anapiga kengele ya baisikeli mara mbili. Maana yake, nimekwenda.

Oguttu alifanya kazi kwenye mtambo wa maji, kando ya mto Malaba. Bomba kubwa lilivuta maji mtoni. Mvua ikinyesha, mto ulileta majani, mafunjo na matambara. Vyote vilikwenda kuziba mdomo wa bomba. Hapo Oguttu alijaza pumzi kifuani, akazama. Alitoa takataka kwa mikono, akaibuka, akazama tena.

Chini mle kulikuwa na chupa zilizovunjika na vyuma vyenye kutu. Mguu mtupu ungechanika. Kwa hiyo alivaa viatu vya kuzamia. Mhandisi mmoja mgeni aliviacha wakati wageni walipoondoka nchini. Vilikuwa vyeusi, laini kama sponji. Vilibana mguu kama soksi. Pembeni vilikuwa na zipu, na chini soli ya mpira.

Jozi nyingine haikuwepo. Ilikuwa miaka ya utawala wa jeshi. Hata chumvi ilipatikana kwa kunong'onezana. Sabuni tuliikata kwa uzi, kipande kama kidole. Sasa nani angekuuzia viatu vya kuzamia?

Siku moja Oguttu alikuwa anarudi nyumbani. Viatu vilining'inia kwenye baisikeli, maji yanadondoka. Njiani palikuwa na kizuizi cha askari. Siku zile watu wengi walivuka mto kwa siri. Walipeleka kahawa upande wa Kenya, wakarudi na chumvi na sabuni. Hayo ndiyo tuliita magendo. Askari waliwajua wavukaji kwa kitu kimoja tu: viatu vilivyolowa.

"Hii maji natoka wapi?" askari aliuliza.

"Natoka kazini, afande. Mimi nasafisha bomba."

"Bomba gani? Wewe navuka mto! Weka kiatu kwa kichwa!"

Walimkalisha juani, viatu kichwani, tangu saa sita hadi saa kumi. Maji ya mto yalimtiririka usoni. Watu walipita, wakatazama chini. Mwishowe mkubwa wao alikuja, akasoma kadi yake ya kazi, akamwachia.

Oguttu alifika nyumbani. Alikunywa maji, akakaa. Kisha akasema neno moja.

"Mama Loy, kuanzia leo hakuna mtu ataona viatu vyangu vikiwa na maji."

Akatafuta debe lenye kifuniko. Kila akitoka mtoni, alitia viatu ndani ya debe vikiwa vimelowa. Juu yake akaweka magunzi ya mahindi, akafunika. Kizuizini alisema ni magunzi ya kuwashia moto. Nyumbani alisukuma debe chini ya kitanda. Asubuhi alikwenda nalo kazini, akavaa viatu vile vile, vimelowa, baridi kama chura.

Si yeye peke yake. Mpaka mzima ulikuwa unaficha viatu. Wengine walivifukia kwenye pumba. Wengine waliviweka ndani ya chungu. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Wiki ya pili, paka alihama chumbani. Wiki ya tatu, Oguttu akifungua debe, Loy anakimbia nje na kushika pua.

Mama Benedeta hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Oguttu mwanangu," alisema, "umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Macho yangu yanaona mtu mmoja. Pua yangu inahesabu watatu, na mmoja wao amekufa juzi."

Tulicheka. Oguttu pia alicheka. Lakini nilimwona anajikuna. Jioni hiyo nilimwosha miguu, nikaona. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe, imelainika, inabanduka. Chini yake nyama nyekundu. Akikanyaga, anauma meno.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Itapona," alisema. "Ni maji tu."

Haikupona. Siku ya Alhamisi alirudi anasukuma baisikeli. Hakuweza kukanyaga pedali. Nyuma yake alikuja Okware, msimamizi wa mtambo. Okware alikuwa jirani yetu, mtu mpole. Siku hiyo hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Mama Loy, mulembe," alitusalimia kwa Kisamia chetu, ingawa yeye ni Mwiteso. Nikajua ameleta jambo zito.

"Mulembe, Mzee Okware. Kaa basi."

"Nitasema nikiwa nimesimama. Mvua imeanza. Bomba limeziba nusu. Leo mumeo amezama mara moja, ameibuka analia kwa maumivu. Watu wengine wanakataa hata kukaa naye kwenye kibanda, kwa ile harufu. Wakubwa wameniuliza, huyu mtu anafaa au hafai?"

"Ukawajibu nini?" Oguttu aliuliza.

"Nimewaomba mpaka Jumatatu. Jumatatu ukizama na kusafisha bomba, kazi ni yako. Ukishindwa, Oguttu ndugu yangu, wataniambia nichukue kadi."

Okware alipoondoka, nilirudisha kiti ndani. Tulijua maana ya kadi. Kadi haikuwa kazi peke yake. Mwanamume bila kadi, mwenye harufu ya mto, hapo mpakani? Siku zile wengine walichukuliwa kizuizini, na nguo zao tu ndizo zilirudi.

Mimi nikasema moyoni, Teopista, fanya kitu.

Ijumaa asubuhi nilivitoa viatu ndani ya debe. Nikafikiri, harufu inatoka kwenye maji. Maji yakikauka, harufu inakwisha. Na sisi watu wa upande wa ziwani, kitu kikilowa tunakikausha wapi? Pale pale tunapokausha samaki. Jikoni kwangu, juu ya mafiga, kulikuwa na uchaga wa kubanikia samaki. Nikaviweka hapo. Nikachochea kuni, nikaenda kupalilia wimbi.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Loy."

"Naam, mama."

"Viatu vya mwanangu umevikausha, au umevipika? Nilete chumvi?"

Niliingia mbio. Kiatu kimoja kilikuwa kimekakamaa upande mmoja kama ngozi ya ngoma. Soli ilifunguka mdomo mbele. Nje vilikauka. Nilipotia mkono ndani, mlikuwa bado na maji. Na harufu? Sasa zilikuwa mbili. Ile ya zamani, na ya samaki juu yake.

Nilikaa chini kwenye majivu, nikalia. Oguttu alikuja akivuta miguu. Alivishika viatu, akavigeuza. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

"Ulitaka kunisaidia," alisema. "Basi."

Jumamosi asubuhi nilifunga viatu ndani ya gunia, nikaenda senta, kwenye maduka, kwa fundi viatu Mutwalibu. Fundi huyu alitoka Busia mjini. Baba yake alikuwa akishona mahema na viatu, na yeye akafuata. Alikaa kwenye baraza ya duka lililofungwa tangu mwenye duka alipoondoka. Alishona ndara za matairi, na siku zile nusu ya Kwapa ilitembea juu ya matairi yake.

"Karibu, Mama Loy. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, fundi. Lakini si nzuri."

"Ziko nzuri au haziko?"

Nikafungua gunia. Mutwalibu alirudi nyuma na kigoda chake.

"Subhanallah! Mama Loy, hiki kitu kilikuwa na jina? Tumzike kwa jina gani?"

"Fundi, usinicheke. Jumatatu mume wangu anapoteza kazi."

Akaacha kucheka papo hapo. Alichukua kiatu, akakikunja, akakinyoosha, akatazama ndani.

"Mlikuwa mnaviweka wapi?"

Nikatazama kushoto na kulia. Nikamwambia kwa sauti ndogo. Debe. Kifuniko. Magunzi. Chini ya kitanda.

"Ahaa," alisema. "Na huku kukakamaa?"

"Juu ya uchaga wa samaki."

Alifumba macho kidogo, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Sikiliza, mama. Wewe unafikiri maji ndiyo yananuka. Chota maji ya kisima, nusa. Yananuka?"

"Hapana."

"Basi. Mguu unatoa jasho na ngozi iliyochakaa. Mto unatoa matope. Vitu hivyo vikikaa gizani, na unyevu, bila hewa, vijidudu vinazaana. Ni vidogo, jicho haliwezi kuviona. Hivyo ndivyo vinavyonuka. Hivyo hivyo, pamoja na fangasi, ndivyo vinavyokula vidole vya mumeo. Debe lako ni nyumba yao. Umewajengea, umewafunikia, na kila siku unawaletea maji na chakula."

"Wageni gani hao!" nilisema.

"Wageni wasiojua kuaga."

"Na moto, fundi? Moto si ungewaua?"

"Umekula mandazi? Ukilikata andazi, ndani lina nini?"

"Vishimo vishimo."

"Mpira huu ni hivyo hivyo. Una vishimo vidogo vyenye hewa. Ndiyo maana ni laini, ndiyo maana unatunza joto la mguu. Ukiuweka kwenye moto, vishimo vinajikunja, mpira unakakamaa. Gundi inayeyuka, soli inaachia. Na jua kali ni moto pia, tofauti yake ni kwamba halihitaji kuni."

"Sasa nitakausha kwa nini?"

"Kwa kivuli na upepo. Njoo uone."

Aliagiza maji safi ndoo mbili. Alifungua zipu hadi mwisho. Akageuza kiatu ndani nje, kama unavyogeuza tumbo la mbuzi unapolisafisha. Matope yaliyotoka yalikuwa meusi.

"Umekuja na sabuni?"

Nilitoa kile kipande changu cha kidole. Nilikitunza kwa ubatizo wa mtoto wa jirani. Nikampa.

"Kidogo tu," alisema. "Sabuni ikibaki ndani inaunguza ngozi." Alisugua taratibu kwa kitambaa, hasa mahali vidole vinapokaa. Akasuuza. Akasuuza tena. Akaninusisha. Harufu ilikuwepo bado, lakini sasa ilikuwa inaongea kwa sauti ya chini.

Nilishika kiatu nikikamue. Akanipiga mkono kidogo.

"Usisokote! Si shuka hii. Utachana mshono. Weka tambara kavu ndani, weka jingine nje, kandamiza. Tambara linakunywa maji."

Kisha akakirudisha upande wake, akakijaza matambara makavu.

"Ukifika nyumbani, yatoe haya. Yatakuwa yamelowa. Tia mengine makavu. Magazeti pia yanafaa. Badilisha mpaka yatoke makavu kama yalivyoingia. Halafu kitundike, mdomo chini, wazi kabisa, mahali penye kivuli na upepo mwingi. Usiku kucha, na kesho pia. Vikikauka nitapita kesho baada ya adhuhuri, nibandike soli kwa gundi ya baisikeli. Gundi haishiki penye maji."

"Na miguu yake?"

"Mama, mimi ni fundi viatu. Kwa miguu yenyewe, mpeleke zahanati. Leo, si kesho."

Nilimpa karanga nilizobeba. Kisha nikamnong'oneza.

"Fundi, nikivitundika nje kwenye upepo, askari wakipita wataviona."

Mutwalibu alitazama barabara. Akashusha sauti.

"Mimi najua viatu. Boma lako unalijua wewe."

Nilirudi nyumbani. Oguttu alikwenda zahanati, akarudi na vidole vilivyopakwa dawa ya rangi ya zambarau. Muuguzi alimwambia afanye kama fundi alivyoniambia: aoshe, akaushe vizuri katikati ya vidole, aache miguu ipate hewa. Basi akakaa kwenye kivuli cha nyumba, miguu juu ya kinu, kama mfalme.

"Mfalme wa zambarau," Loy alimwita.

Mimi nilizunguka na viatu mkononi. Ndani ya nyumba hakuna upepo, dirisha ni kama kiganja. Jikoni kuna moto. Kwenye kamba ya nguo, barabara yote inaona. Nikavipeleka huku, nikavirudisha kule.

Mama Benedeta alikuwa anapepeta wimbi. Alinitazama mpaka akachoka.

"Mama Loy, kitendawili."

"Mama, leo sina kichwa cha vitendawili."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Ana miguu sita, hatembei. Anasimama kwenye mvua mwaka mzima. Ngozi inalowa, tumbo kavu."

Nilitaka kusema ng'ombe, lakini miguu ilizidi. Nilikuwa nimesimama karibu na ghala, nimeliegemea. Nikatazama chini.

"Ghala?"

"Na ile miguu tuliliwekea ya nini?"

"Panya wasipande."

"Na nini kingine?"

"Upepo upite chini. Wimbi lisioze."

Niliposema hivyo, nilisimama kama mti. Mama mkwe akaendelea kupepeta, kama hakusema kitu.

Majirani zetu hujenga ghala, wao wanaita edula, juu ya miguu ya miti. Paa la nyasi linashuka chini kama sketi. Niliinama, nikaingia chini yake. Kulikuwa na kivuli. Upepo ulitoka upande wa mto, ukapita usoni mwangu, ukatokea upande wa pili. Na kwa sababu ya sketi ile, barabarani hakuna aliyeniona.

Nilifunga vijiti viwili kwenye miti ya chini. Nikavitundika viatu, mdomo chini, zipu wazi. Nilichana gomesi langu kuukuu, lile gauni la maua ya bluu nililoolewa nalo, nikapata matambara. Niliyabadilisha saa tisa. Nikayabadilisha jua lilipotua. Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kanisa, niliyatoa. Yalikuwa karibu makavu, nikatia mengine. Tuliporudi kanisani nikayatoa hayo, yalikuwa makavu kabisa.

Niliingiza pua ndani ya kiatu. Pua nzima, bila woga. Kilinuka mpira. Basi. Harufu ya dukani, ya zamani, ya wakati maduka yalikuwa na vitu.

Mutwalibu alipita kama alivyoahidi. Alipaka gundi, akabana soli kwa mawe mawili. Ule upande uliokakamaa aliukuna kwa msasa.

"Huu hautarudi kuwa laini," alisema. "Ni kovu. Lakini kitazama."

Tukatia matambara makavu, tukavitundika tena.

Saa kumi jioni askari walikuja. Walikuwa wawili. Walikuwa wanaingia boma kwa boma. Mmoja alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza pembeni ya masikio. Ndiye aliyesema.

"Watu ya hapa navuka mto. Leta kiatu yote ya hii boma!"

Tulileta. Ndara zangu za matairi, viatu vya kanisani vya mama mkwe, ndara za Loy. Alivishika kimoja kimoja, anatafuta maji. Mwenzake aliingia nyumbani, akalivuta debe chini ya kitanda. Lilikuwa tupu, limeoshwa, liko wazi.

Kisha yule wa mvi akainama chini ya ghala.

Alitoka na viatu vya kuzamia mkononi.

"Hii nini? Kwa nini naficha?"

Oguttu alisimama juu ya miguu yake ya zambarau. Alitoa kadi.

"Si kuficha, afande. Nakausha. Viatu vya kazi. Mimi nazama mtoni kusafisha bomba la maji."

Askari hakuitazama kadi. Aliingiza mkono ndani ya kiatu. Akauzungusha. Akatoa tambara la maua ya bluu. Kavu. Akaingiza mkono tena mpaka kwenye vidole. Kavu. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akanusa.

"Wewe nasema hii kiatu nazama kwa maji?"

"Ndiyo, afande. Kila siku ya mvua."

"Na hainuki?"

Mwenzake akaanza kucheka.

"Ya kwake nafukuza mbwa kwa kambi," alisema. "Sisi nalala nje sababu ya yeye."

"Nyamaza, wewe!"

Lakini yule wa mvi alikuwa ameshakaa kwenye kinu. Alikuwa anafungua kamba za buti lake. Alipolivua, kuku walihama. Niliiona miguu yake. Ngozi nyeupe katikati ya vidole, nyama nyekundu chini.

Mama Benedeta alisogea karibu, akatazama bila haya.

"Mama Loy," alisema, "huyu naye ana miguu ya mwanangu. Usiku unavua buti, baba?"

"Hapana, mama. Mtu nalala na buti. Sisi nangoja vita."

"Basi vita imeanza vidoleni."

Mwenzake alicheka mpaka akashika bunduki kama fimbo. Na mimi nikamweleza askari kama Mutwalibu alivyonieleza. Avue buti. Aoshe miguu, akaushe katikati ya vidole. Asivae soksi iliyolowa. Buti alijaze matambara makavu, alitundike kwenye kivuli na upepo, siyo karibu na moto wa kambi. Aende kwa daktari apewe dawa. Nilimpa vipande sita vya gomesi langu la harusi.

Alivikunja, akaviweka kwenye mfuko wa kifuani. Wakaondoka. Kuku wetu mwekundu aliondoka nao pia. Sitakudanganya, mjukuu. Siku zile hata mtu aliyekushukuru alichukua kuku.

Jumatatu Oguttu aliondoka mapema. Mimi nilichota maji, sikujua nayapeleka wapi. Nilipika, sikujua napika nini. Yaliyotokea alinisimulia yeye, na Okware aliyathibitisha.

Alikausha miguu, akavaa viatu vikavu. Alisema vilimshika kama mikono ya mtu anayekupenda. Akazama. Aliibuka na fungu la mafunjo kubwa kama ndama. Akazama tena, na tena, mpaka mara ya tisa. Maji yakaingia bombani kwa kishindo. Wafanyakazi wakapiga makofi. Okware aliichukua kadi yake, akaipiga mhuri mpya, akamrudishia.

"Nenda nyumbani, ndugu yangu," Okware alisema. "Debe lako liko wapi?"

"Sikuja nalo."

Oguttu alisuuza viatu kwa maji safi, akavikandamiza, akavijaza matambara, akavitundika kwenye usukani wa baisikeli. Kimoja kushoto, kimoja kulia. Maji yalikuwa bado yanadondoka.

"Utapita hivyo kizuizini?" Okware alishtuka. "Umesahau walichokufanyia?"

"Sijasahau. Lakini nikivificha vitaoza, na mimi nitaoza navyo. Kazi yangu ni maji. Wacha wayaone."

Kizuizini kulikuwa na foleni. Wanawake na vikapu, wazee na baisikeli. Wote waliviona viatu vinadondosha maji. Wakasogea pembeni kidogo kidogo, mpaka Oguttu akabaki peke yake mbele. Na mbele yake alisimama askari yule wa mvi.

"Kadi."

Oguttu alimpa. Askari alitazama mhuri. Akatazama viatu. Akaingiza vidole viwili ndani ya kimoja, akavuta tambara la maua ya bluu, akaliminya. Maji yakamwagika barabarani mbele ya watu wote.

"Hii nini?" aliuliza.

"Maji, afande."

"Tambara nalowa hivi, wewe bado naiacha ndani? Badilisha!"

Oguttu alitoa matambara makavu mfukoni. Akayabadilisha pale pale, polepole, na foleni nzima inatazama. Askari alingoja mpaka amalize. Kisha akainua mti wa kizuizi.

Mwezi mmoja baadaye vidole vya Oguttu vilikuwa vimepona. Paka alirudi chumbani. Viatu vile, pamoja na kovu lake, vilizama miaka mitatu zaidi, mpaka utawala ule ukaondoka.

Majirani walisikia. Kwanza alikuja Okware na buti zake za mpira. Akaja mwingine na viatu vya turubai, akaja mwingine. Waliomba wajifunze. Nyumba nyingi zilikuwa na ghala, lakini wao walipenda chini ya ghala letu, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya vicheko vya mama mkwe. Niliongeza vijiti.

Wakati wa mavuno, jozi kumi na moja za viatu zilining'inia pale kwenye upepo, midomo chini, maji yakidondoka. Askari walipopita tena, waliinama wakaviona. Walivihesabu. Wakatutazama, watu wa Kwapa tuliokuwa tumekaa uwanjani tunapura wimbi, wote miguu mitupu, wote vidole vikavu. Hawakujua wamshike nani. Wakaenda zao.